Kutafiti kampuni za kimataifa na sera za serikali ukiwa Dodoma: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mhitimu au mhadhiri msaidizi aliyeamua kuishi kwa kutafiti jinsi kampuni za kimataifa na serikali zinavyokutana: mikataba, kodi, hisa, vibali na kesi. Kwa kazi hii Dodoma ni mahali pazuri kuliko wengi wanavyodhani. Bunge liko hapa. Wizara ziko Mtumba, takriban kilomita 17 kutoka katikati ya jiji kwa barabara ya Dar es Salaam. Tume ya Madini, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi na Sekretarieti ya Ajira zote zina makao makuu hapa hapa. Upande wa serikali unao mlangoni. Upande wa kampuni uko London, Toronto na New York, lakini sehemu yake kubwa inasomeka bure mtandaoni. Mtafiti anayesoma upande mmoja tu huishia kuwa msemaji wa upande huo, hata kama hakukusudia. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inalenga jambo moja: uweze kuzisoma pande zote mbili na kuzilinganisha mstari kwa mstari.

Hatua ya 1: Chagua sekta moja na chombo kimoja cha sera

Mada kama "uwekezaji wa kigeni na maendeleo ya Tanzania" haitafitiki. Chagua sekta moja, kisha ndani yake chagua chombo kimoja ambacho serikali inakitumia kuibana au kuivuta kampuni: mrabaha (sehemu ya thamani ya madini inayolipwa serikalini), ushuru wa bidhaa, hisa za serikali, sharti la kuuza hisa kwa wananchi, au kibali cha kampuni kuungana. Kaa nacho angalau miaka mitano. Wanaorukia kila mada inayovuma hujikuta na makala sita zisizohusiana, na kamati ya kupandisha vyeo haioni mtaalamu wa jambo lolote.

Chukua mfano ulio karibu kabisa, zabibu. Sheria ya ushuru wa bidhaa inatenganisha mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 na mvinyo mwingine, na kiwango cha ule wa kwanza ni cha chini sana. Hiyo asilimia 75 ndiyo mada. Nani anaipima, kiwandani au kwenye makaratasi? Inamsaidia mkulima wa Hombolo na Mpunguzi, au inamsaidia zaidi mnunuzi wa mchuzi wa zabibu (juisi ya zabibu iliyosindikwa kwa ajili ya mvinyo) anayejaza chupa mbali na Dodoma? Nini hutokea msimu mchuzi unapobaki kwenye matangi bila mnunuzi? Pande zote unazo: wakulima wanaovuna mara mbili kwa mwaka, wasindikaji wadogo, kampuni kubwa za vinywaji zenye kampuni mama nje, na Sheria ya Fedha inayobadilika kila mwaka. Mafuta ya alizeti ya Singida na ushuru wa forodha wa mafuta ya kula kutoka nje ni mada ya aina hiyo hiyo.

Kwenye sekta ya simu, sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 ilizitaka kampuni za mawasiliano kuuza asilimia 25 ya hisa kwa umma, na Vodacom Tanzania iliorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2017. Kwenye madini, mabadiliko ya 2017 yaliipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 bila kulipia mtaji, yakapandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, na juu yake kukawa na ada ya ukaguzi ya asilimia 1.

Kipimo cha mada ni hiki: je, unaweza kutaja kifungu cha sheria, tarehe kilipoanza kutumika, na kampuni tatu kilizozigusa? Ukikosa kimoja, mada bado ni pana.

Hatua ya 2: Nadharia tatu zinakutosha kuanzia

Mchumi Stephen Hymer, katika tasnifu yake ya 1960, alionyesha kwamba kampuni haiendi nje kwa sababu tu mtaji unafuata riba kubwa. Inaenda kwa sababu ina kitu ambacho washindani wa huko hawana, na inataka kukidhibiti. John Dunning akaongeza maswali ya mahali: kwa nini nchi hii, na kwa nini kampuni ijenge yenyewe badala ya kuuza leseni. Raymond Vernon alitoa lile linalotumika zaidi kwetu. Kabla ya kuwekeza, kampuni ndiyo yenye nguvu mezani. Ikishafukia mabilioni ardhini, nguvu inahamia kwa serikali, na masharti ya awali huanza kuonekana mabaya.

Mgogoro wa makinikia, yaani mchanga wenye madini uliokuwa ukisafirishwa nje, unaonekana kukaa vizuri ndani ya wazo hilo: Machi 2017 usafirishaji ulizuiwa, kamati mbili zikaripoti, Acacia, kampuni tanzu ya Barrick ya Canada, ikaletewa madai ya kodi ya dola bilioni 190, Barrick ikainunua Acacia yote mwaka 2019, na Januari 2020 makubaliano yakasainiwa, pamoja na kampuni ya ubia na serikali iitwayo Twiga. Lakini usiishie kusema "inathibitisha Vernon". Uliza kwa nini haikutokea baada ya ripoti ya 2008 ya Kamati ya Jaji Bomani kuhusu sekta ya madini, ilhali migodi ilikuwa imeshajengwa. Hapo ndipo makala yako inapoanza kuwa na kitu kipya.

Hatua ya 3: Ingia kwenye ajira ya chuo

Kwa vyuo vikuu vya umma, nafasi hutangazwa kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Sifa inayowaangusha wengi ni wastani wa alama: matangazo ya nafasi za kufundisha huhitaji wastani usiopungua 3.8 kati ya 5 kwenye shahada ya kwanza, na kwa mhadhiri msaidizi huongezwa 4.0 kwenye uzamili. Uzamili mzuri haufuti shahada ya kwanza yenye 3.5. Mwenye 3.5 asikate tamaa ya utafiti, ila mlango wake ni mwingine: taasisi za utafiti kama REPOA na ESRF za Dar es Salaam, idara za sera na mipango wizarani, au mashirika yanayofuatilia kodi na madini.

Makosa ya maombi ni yale yale kila mwaka. Hati ya matokeo ya muda haikubaliki. Weka cheti chenyewe. Nakala zithibitishwe na mwanasheria. Barua isainiwe na ielekezwe kwa Katibu. Shahada ya nje ipate kwanza utambuzi wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na hilo lifanye kabla tangazo halijatoka, kwa sababu muda wa maombi ni mfupi. Aliyeko kwenye utumishi wa umma apitishe barua kwa mwajiri wake. Jina kwenye cheti cha kidato cha nne likitofautiana na la shahada hata kwa herufi moja, shughulikia hati ya kiapo mapema.

Uzamivu ndio unaokutoa kwenye uhadhiri msaidizi. Tafuta msimamizi ambaye amechapisha kwenye sekta yako ndani ya miaka mitano iliyopita. Cheo chake ni jambo la pili. Fedha za tasnifu zitafute AERC ya Nairobi kwa wachumi, CODESRIA ya Dakar kwa sayansi ya jamii, na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) hapa nyumbani.

Hatua ya 4: Vibali, barua na masijala

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, na kwa kawaida hupotea kwa uzembe wa mtafiti mwenyewe.

Mtanzania aliye chuo kikuu cha umma hupata kibali cha utafiti kutoka kwa Makamu Mkuu wa Chuo, anayekitoa kwa niaba ya serikali na COSTECH. Mshirika wako kutoka nje lazima apate kibali cha COSTECH chenyewe, kisha cha ukaazi daraja C kutoka Uhamiaji. Asije na viza ya utalii akaanza mahojiano. Atakuharibia na wewe.

Kwa utafiti wa vijijini, kibali cha chuo unakipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yeye anakuandikia kwenda kwa Katibu Tawala wa Wilaya au Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha Mtendaji wa Kata, kisha wa Kijiji. Ukienda Ikungi kuuliza habari za mgodi wa dhahabu, usiruke ngazi hata moja. Karibu na mgodi kila mgeni mwenye daftari hutiliwa shaka, na mtendaji asiye na nakala ya barua ana haki ya kukusimamisha.

Kwa wizara, barua inaelekezwa kwa Katibu Mkuu. Usimwandikie mkurugenzi unayemfahamu, hata kama ndiye utakayemhoji. Ukurasa mmoja unatosha. Juu kulia anwani yako, kisha Kumb. Na., kisha anwani ya Katibu Mkuu, kisha YAH: ukitaja utafiti na idara unayoiomba. Aya ya kwanza: wewe ni nani na kibali chako ni namba gani. Aya ya pili: unaomba nini hasa, kwa mfano "mahojiano ya dakika 45 na maafisa wawili wa Idara ya Sera na Mipango kuhusu utaratibu wa kukagua kiwango cha zabibu za ndani". Aya ya tatu: tarehe unazopendekeza na namba ya simu. Ambatisha kibali na orodha ya maswali. Barua inayosema "naomba ushirikiano wenu katika utafiti wangu" hupewa afisa asiyejua aifanyie nini, na inalala.

Peleka mwenyewe masijala ukiwa na nakala mbili. Moja wanaipokea, nyingine wanaigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hiyo ndiyo unaondoka nayo. Ukirudi kufuatilia baada ya siku tano za kazi, usiulize "barua yangu imefika wapi". Taja tarehe ya muhuri na somo la barua, uliza imesajiliwa kwenye faili gani na iko kwa nani. Mhudumu wa masijala akiwa na tarehe atakuonyesha ndani ya dakika chache kwamba faili liko kwa mkurugenzi fulani likisubiri dokezo. Wasalimu vizuri watu wa masijala na uwaheshimu. Wao ndio wanaojua nyaraka zilipo.

Kalenda ni muhimu. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni ni Bunge la Bajeti: makatibu wakuu na wakurugenzi wako kwenye kamati na ukumbini, na nyumba za kulala wageni mjini hujaa. Barua ya mahojiano ipeleke Agosti hadi Oktoba. Bajeti yenyewe itumie kukusanya nyaraka.

Ukinyimwa taarifa ambayo si ya siri, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ombi ni la maandishi, ni haki ya raia, na taasisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Liandike kwa adabu ukitaja nyaraka kwa jina na mwaka. Kwa upande mwingine, karatasi yenye muhuri wa SIRI usiipokee hata ukipewa na mtu unayemwamini. Huwezi kuinukuu, huwezi kuionyesha kwa wahakiki, na unajiweka wewe na aliyekupa kwenye hatari ya kisheria isiyo na faida kwa yeyote.

Ukikusanya majina na namba za simu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakuhusu. Tenganisha faili la majina na faili la majibu, weka nywila, na mweleze unayemhoji utakaa nazo muda gani.

Hatua ya 5: Kusanya nyaraka za pande mbili

Upande wa serikali anza na Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Zipo kwenye tovuti ya Bunge, na kwa kuwa wabunge huzungumza Kiswahili, tafuta kwa maneno yao: "mrabaha", "makinikia", "mchuzi wa zabibu", "misamaha ya kodi". Soma hotuba ya bajeti ya wizara pamoja na maoni ya kamati juu ya hotuba hiyo; kamati ndiyo inayotaja yaliyokwama. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu huwasilishwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kufika Bungeni Aprili. Usipakue ya serikali kuu peke yake. Ya mashirika ya umma na ya ukaguzi wa ufanisi ndizo zinazogusa ubia na kampuni.

Ripoti za TEITI, mpango wa uwazi kwenye madini, mafuta na gesi, hulinganisha kile kampuni za madini na gesi zinachosema zimelipa na kile serikali inachosema imepokea. Ramani ya leseni ya Tume ya Madini inaonyesha mwenye leseni ni kampuni gani kisheria. Faili la BRELA, msajili wa kampuni, linaonyesha wanahisa na wakurugenzi.

Sheria isome na marekebisho yake yote. Kosa la kawaida ni kunukuu kifungu cha Sheria ya Madini ya 2010 kama kilivyokuwa kabla ya 2017. Tangu Julai 1, 2025 linatumika Toleo la Urekebu la 2023, kwa hiyo kila ukinukuu namba ya kifungu, taja na toleo.

Taarifa za kodi za kampuni moja moja hutazipata TRA. Sheria inawafunga midomo. Mahali pa kuzipata ni kwenye hukumu. Kampuni ikikata rufaa kwenye Bodi ya Rufaa za Kodi, Baraza na hatimaye Mahakama ya Rufani, kiasi kinachobishaniwa na hoja zake huandikwa kwenye hukumu, na hukumu ziko bure kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Vivyo hivyo kwa usuluhishi wa kimataifa. Kesi ya Biwater Gauff kuhusu maji ya Dar es Salaam iliamuliwa mwaka 2008: Tanzania ilikutwa imekiuka mkataba wa uwekezaji, lakini haikuamriwa kulipa fidia. Kesi ya kampuni ya madini ya Indiana, iliyotokana na kufutwa kwa leseni za kuhodhi maeneo, ilitoa tuzo ya dola milioni 109.5 mwaka 2023, na mwaka uliofuata wakamalizana kwa dola milioni 90. Ndani ya nyaraka za kesi kama hizi kuna tarehe, barua na vifungu vya mkataba ambavyo hakuna ofisi ingekupa.

Upande wa kampuni, swali la kwanza ni hili: kampuni mama imeorodheshwa soko gani? Barrick huweka taarifa SEDAR+ ya Canada na EDGAR ya Marekani, hifadhi za mtandaoni za taarifa za kampuni zilizoorodheshwa. AngloGold Ashanti, wenye Geita, wako EDGAR. Kampuni iliyosajiliwa Uingereza ina faili Companies House, msajili wa kampuni wa huko, bure, pamoja na hesabu zake na wenye udhibiti. Sheria ya Canada ya ESTMA huzilazimisha kampuni za madini, mafuta na gesi kutangaza ndani ya siku 150 baada ya mwaka wa hesabu malipo kwa serikali yanayofika jumla ya dola 100,000 za Canada kwa mwaka kwa aina moja na mpokeaji mmoja, yakichanganuliwa kwa kila mradi. Hiyo ni hazina.

Pakua mapema na uhifadhi. Acacia ilipotoka soko la London mwaka 2019, na Shanta Gold yenye mgodi wa Singida ilipotoka mwaka 2024, taarifa zao wenyewe za soko la hisa zilikatika. Kampuni ikishatoka sokoni hailazimiki tena kutoa taarifa za aina hiyo.

Hatua ya 6: Jenga daftari la malipo

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo itakayokutofautisha na mwandishi wa habari. Fungua Excel, mstari mmoja kwa kila malipo, na safu hizi: mwaka wa hesabu wa kampuni, mwaka wa fedha wa serikali, jina la mlipaji kama lilivyo BRELA, mpokeaji, aina ya malipo, kiasi, sarafu, kiwango cha kubadilisha na tarehe yake, msingi (fedha taslimu zilizolipwa au kiasi kinachostahili kulipwa), chanzo, ukurasa. Safu ya ukurasa usiiruke kamwe. Mhakiki akihoji namba moja baada ya miaka miwili, utaishukuru.

Sasa matatizo. La kwanza ni mwaka. Kampuni nyingi hufunga Desemba, serikali inafunga Juni. Usigawanye namba ya mwaka kwa mbili ukidhani umepata nusu. Kodi ya mapato hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na salio la mwaka uliopita hudaiwa ndani ya miezi sita, yaani kufikia Juni 30. Awamu ya pili na salio vinaangukia siku ile ile ya mpaka wa mwaka wa fedha wa serikali. Benki ikichelewesha siku mbili, malipo makubwa kuliko yote yanahamia mwaka mwingine, na wewe unatangaza "pengo" ambalo halipo. Kwa hiyo tafuta tarehe kwanza. Ukizikosa, linganisha jumla ya miaka mitatu badala ya mwaka mmoja mmoja.

La pili ni kilichomo. ESTMA haihesabu kodi za matumizi wala kodi za mapato ya watu binafsi. Taarifa za kampuni kuhusu "mchango wetu kwa taifa" mara nyingi huweka ndani kodi za mishahara ya wafanyakazi, na wakati mwingine hata manunuzi kwa wazabuni. Kabla ya kulinganisha namba mbili, andika kwa kila moja nini kimo na nini hakimo.

La tatu ni majina. African Barrick Gold iliitwa Acacia kuanzia 2014. Kahama Mining ndiyo baadaye Bulyanhulu Gold Mine. Asiyefuatilia majina huona kampuni imetoweka, akasema imekwepa kodi.

La nne ni kuchanganya hisa na mgawanyo wa manufaa. Makubaliano ya Barrick na serikali yana asilimia 16 ya hisa, na yana mgawanyo wa nusu kwa nusu wa manufaa ya kiuchumi. Huo wa nusu kwa nusu unahesabu kodi, mrabaha, ada na gawio kwa pamoja. Hausemi serikali inamiliki nusu ya mgodi, wala haumaanishi italetewa nusu ya faida kama gawio. Makala zinazochanganya haya mawili zinakosea kila hesabu inayofuata.

La tano ni takwimu za uwekezaji. Thamani ya miradi iliyosajiliwa kwenye mamlaka ya uwekezaji ni mtaji ambao mwekezaji anasema atauleta. Mtaji ulioingia kweli uko kwenye takwimu za urari wa malipo za Benki Kuu. Kuweka hizo mbili kwenye grafu moja ni kosa. Nchi ya asili nayo hupotosha: mtaji ulioandikwa Mauritius au Uholanzi unaweza kuwa wa mtu wa kwingine kabisa aliyepitia huko kwa sababu za kodi au za mkataba wa uwekezaji.

La sita ni takwimu za biashara zinazosomwa kutoka pande mbili. Dhahabu ina namba 7108 kwenye mfumo wa forodha. Ukilinganisha tulichouza na wenzetu walichopokea, tofauti itakuwepo daima: mnunuzi huweka ndani bima na usafiri, mzigo hupita nchi ya tatu, na uliotoka Desemba hufika Januari. Tofauti ni sababu ya kuuliza maswali. Haijawa ushahidi wa wizi mpaka umeziondoa sababu hizo moja baada ya nyingine.

Hatua ya 7: Mahojiano

Mahojiano yaje baada ya daftari. Ukienda mtupu, utapewa hotuba ambayo tayari iko mtandaoni. Ukienda na jedwali na kuuliza "kwa nini mstari huu ulishuka mwaka huu?", afisa wa serikali na mhasibu wa kampuni wote huanza kuzungumza kama watu wa kazi.

Uliza utaratibu: nani huanza, nani husaini, karatasi hukaa wapi. Usiulize maoni juu ya viongozi. Wastaafu wana muda na kumbukumbu kuliko walioko ofisini, lakini kumbukumbu huhama miaka, hivyo kila tarehe ithibitishe kwenye nyaraka. Kubalianeni kabla ya kuanza kama utamtaja kwa cheo, kwa taasisi, au hutamtaja kabisa, na ukumbuke kwamba "mkurugenzi wa idara fulani mwaka fulani" ni sawa na kumtaja jina.

Hatua ya 8: Chapisha, kisha peleka mezani

Daftari moja zuri linatoa makala tatu: moja ya njia na takwimu, moja ya nadharia, moja ya sera. Wahi kuangalia jarida kwenye orodha za majarida za DOAJ, Scopus au AJOL kabla ya kutuma. Jarida linalokubali makala ndani ya siku chache na kudai dola kabla ya uhakiki ni la kitapeli, na makala iliyotoka humo itakusumbua siku ya kupandishwa cheo kwa sababu huwezi kuitoa ukaipeleka kwingine. Ukichapisha makadirio yako, eleza sampuli, tarehe na hesabu, na useme wazi kwamba ni yako na si takwimu rasmi. Adhabu iliyoingizwa mwaka 2018 kwa anayepingana na takwimu rasmi iliondolewa 2019, lakini uwazi wa njia ndio ulinzi wako siku zote.

Kisha toa kurasa mbili za Kiswahili. Wabunge na makatibu wa kamati hawatasoma kurasa 30 za Kiingereza. Muswada ukishasomwa mara ya kwanza, kamati huwaita wadau kutoa maoni, na Muswada wa Fedha huja Juni ukiwa na siku chache tu za kusikilizwa. Kwa hiyo kurasa hizo ziwe tayari Mei. Juu kabisa weka namba ya kifungu, chini yake maneno yaliyopo, chini yake maneno unayopendekeza, halafu jedwali moja la ushahidi. Maoni yasiyo na maneno mbadala ya kifungu hupokelewa kwa shukrani na hayabadilishi chochote. Peleka nakala ngumu kwa katibu wa kamati na nyingine kwa barua pepe.

Suala la mwisho ni fedha za kampuni. Ukijulikana, utaombwa ushauri wa kulipwa, na kampuni, wizara na mawakili watataka jina lako. Kukubali si kosa. Kosa ni kusaini kifungu kinachompa mteja haki ya kuzuia uchapishaji, au kunyamaza juu ya malipo hayo unapoandika makala kuhusu sekta ile ile. Soma mkataba mpaka kwenye kifungu cha usiri, dai kiandikwe kwamba takwimu za umma na daftari lako la awali vinabaki vyako, na pitisha mkataba ofisi ya ushauri ya chuo. Halafu kwenye kila makala andika nani alilipa, kwa kazi gani, mwaka gani. Kama mteja hataki hilo liandikwe, usichukue kazi hiyo.